Kamionete ya Kuvuta Mashine ya Unga

Wauzaji hawajawahi kunipenda. Tangu nikiwa msichana, nilipokwenda sokoni hapa Likasi kununua samaki wa ziwa la Tshangalele, mama wa samaki alikuwa akiniona tu anaanza kufunika beseni lake. Nilikuwa nageuza kila samaki, nafungua mashavu yake, nanusa, narudisha, nachukua mwingine. Mama yangu, aliyezaliwa Kasai na kuletwa huku akiwa mtoto mchanga wakati babu alipoajiriwa mgodini, alisema kwa tabia hiyo nitakosa mume. Mume nilimpata. Na yeye pia nilimgeuza kwanza.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilipoanza kutafuta kamionete, gari dogo la mizigo, sikuanza kama mtu aliyepotea. Injini nilikuwa siijui. Kununua nilikuwa nakujua, na kununua ni kazi moja tu, iwe samaki, iwe sufuria, iwe gari la dizeli.

Mwaka ule mume wangu alikuwa anamaliza kazi. Alikuwa kapita, yaani kiongozi wa kikosi, katika kiwanda cha asidi cha kampuni ya serikali, ile kampuni ya shaba iliyotulea sote. Sisemi kwa mzaha kwamba ilitulea. Nyumba yetu ya kambi kule Panda ilikuwa yake, unga tuliokula ulikuwa mgawo wake, watoto walizaliwa hospitalini kwake na kusoma shuleni kwake. Siku ambayo mume wangu angetoka, vyote hivyo vingebaki nyuma yake getini. Kwa hiyo tulikuwa tumekaa mezani mapema, yeye na mimi, tukaigawa akiba yetu ya maisha yote mara mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa imeshanunua mashine ya kusaga mahindi, yenye injini yake, tukaichomelea juu ya trela la magurudumu mawili. Nusu ya pili ilikuwa ya kununua kamionete ya kuivuta. Hapakuwa na nusu ya tatu.

Wazo la mashine ya magurudumu lilikuwa langu. Kule upande wa Kapolowe wanawake walikuwa wakibeba mahindi kichwani mwendo mrefu kufuata kinu, halafu wanarudi na unga wakiwa wamechoka kuliko mahindi yenyewe. Nikasema, sisi tutawafuata. Jumatatu kijiji hiki, Jumanne kile, na kila mtu atajua siku yake. Mume wangu alilipenda wazo hilo mpaka akaanza kulieleza kwa watu kama la kwake, nami nikamwacha. Lakini mashine ile ilikuwa nzito kama dhambi, na barabara ya kutoka Kapolowe kuja kwetu haikosi vilima. Tukikosea gari, tungebaki na mashine nzuri sana iliyokaa uani huku kuku wakilala chini yake, na wazee wawili wasio na nyumba.

Tulitaka ya dizeli kwa sababu rahisi. Mashine nayo ilikuwa inakunywa mazutu, ndivyo tunavyoiita dizeli, kwa hiyo pipa moja lingelisha wote wawili. Tena wakati ule petroli ilikuwa inapotea mjini kama mtu mwenye deni, lakini mazutu hukukosa mwenye lori wa kukusaidia kidogo.

Kabla ya kutazama gari hata moja, nilikwenda pale malori yanaposhusha mizigo nyuma ya soko, nikiwa na sufuria ya karanga za kuchemsha. Dereva ukimpa karanga na ukamuuliza habari ya gari la mtu mwingine, umemfurahisha siku nzima. Walinifundisha. Wa kwanza aliniambia niende alfajiri, niweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu, kwa maana injini gonjwa huwashwa kwanza ili mnunuzi aikute imeshaamka. Mwingine akasema niifungue kofia ya oili injini ikiwa inanguruma: ikipumua moshi kama chungu cha maharagwe, niage niondoke. Wakanieleza moshi wa buluu na moshi mweusi. Halafu mmoja, mzee kidogo, mnene, akameza karanga zake na kuniambia jambo ambalo wenzake hawakuligusa.

"Mama, kuvuta haiko kazi. Kazi iko kusimamisha. Ku kushuka, remorki njo inakusukuma weye. Fungia yote nyuma, uende nayo ku mulima, halafu usimame katikati."

Remorki ni hilo trela, na ushauri huo ndio ukawa msimamo wangu. Muuzaji asiyetaka gari lake lifungwe mashine na kupandishwa mlima, nilimtakia siku njema.

Gari la kwanza lilikuwa jekundu, la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Tulifika kwake kabla jua halijatoka, majira ya baridi, wakati ambapo Likasi mtu akisema pumzi yake unaiona. Nilikuwa nimemwomba asiwashe injini. Nikaweka kiganja kwenye boneti, nikakiondoa haraka.

"Iko moto," nikamwambia.

"Ni jua, mama," akajibu.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa adabu, aliinua kichwa akalitafuta hilo jua. Tukarudi nyumbani kunywa chai.

La pili lilikuwa na ndoano ya kuvutia iliyochomelewa kwenye bampa, ikining'inia pale kama hereni. La tatu mwenyewe alikataa mlima. Mume wangu akaanza kunung'unika kwamba mimi nachagua gari kama ninayemchagulia binti yangu mume. Nikamjibu kwamba kwa binti nisingekuwa mkali hivi, maana mkwe mbaya anaweza kurudishwa kwao.

Halafu siku moja alirudi kutoka zamu kabla sijaweka maji ya ugali motoni, na nyuma yake walikuwa wamekuja wenzake wawili wa kikosi, wote watatu wanacheka.

"Mama batoto, tulipata!"

"Tulipata nini?"

"Kamionete! Ile ya kwetu, ya ku asidi. Wanaitosha mu kazi. Chef alitia jina yangu minye wa kwanza!"

Inabidi nieleze hilo lilikuwa na maana gani Panda. Kampuni ilipokuwa inatosha gari, yaani inaliondoa kazini, wafanyakazi wanaoaga ndio walioulizwa kwanza, na kuwa wa kwanza kati yao ilikuwa heshima ambayo watu waliisimulia kanisani. Tena sote tuliamini, mimi nikiwa mmojawapo, kwamba hakuna gari kama la kampuni. Garaji yao ilikuwa na mashimo ya saruji ya kusimama chini ya gari, oili ilibadilishwa siku yake, vipuri vilitoka kwenye makasha mapya. Mtu akinunua gari la kampuni hakuwa anauliza maswali. Aliitazama ile namba nyeupe iliyopakwa mlangoni, akatoa pesa. Wengine hawakuifuta namba ile miaka yote, wakaipaka upya ilipofifia.

Na kamionete ile haikuwa gari tu kwetu. Ndiyo iliyomchukua mume wangu na kikosi chake kwenda kiwandani miaka yote ile, wamekaa nyuma kwenye benchi chini ya turubai, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa usukani. Siku uchungu uliponishika kwa mtoto wetu wa mwisho, alikuja nayo mbio kutoka kazini bila kumwomba mtu ruhusa, akanifikisha hospitalini, halafu akaenda kusikiliza makaripio yake. Hata mimi sikuwa na moyo wa jiwe juu yake. Jioni ile majirani walikuja kutupongeza, na mume wangu alikaa katikati yao akionyesha kwa mikono jinsi trela litakavyofungwa. Sikumwona hivyo tangu harusi yetu.

Nilimngoja mpaka wageni walipotoka, nikasema polepole, "Tutaipima."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Gari ya kampuni? Weye utapima gari ya kampuni?"

"Ku mulima, na mashini nyuma."

"Bon," akasema. "Pima. Utapata haya."

Tulikwenda Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mitaa, tukiwa bado na vumbi miguuni. Katika uwanja wa garaji walikuwapo watu wa kikosi chake karibu wote, na mkuu wa garaji mwenyewe amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa, na pembeni kreti ya bia inangoja. Wakati ule kwa amri ya nchi kila mtu alikuwa sitwayen au sitwayene, yaani raia, na mkuu yule alinisalimu hivyo, "Sitwayene," kwa heshima na tabasamu la kumngojea mwanamke amalize kuangalia rangi.

Nikaweka kiganja. Boneti baridi. Mume wangu akawasha: iliitika mara moja, kwa sauti nene, bila kukohoa. Moshi ukatoka kidogo ukapotea. Nikafungua kofia ya oili, ndani kimya. Wenzake wakapiga makofi, na mimi, nakiri, moyo wangu ulianza kushuka mahali pake. Injini ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona. Nikazunguka nyuma kuangalia ndoano, nikashika turubai ili nipande. Hapo nikaona matundu.

Yalikuwa madogo, mengi, na ukingo wa kila moja ulikuwa na rangi ya chai. Mtu mwingine angedhani ni cheche za sigara. Mimi matundu yale nilikuwa nayajua kama ninavyojua nyuso za watoto wangu. Mke wa mtu wa asidi anafua salopeti za kazi maisha yake yote, na anajua ujanja wake. Mume anarudi jioni, nguo ni nzima. Unaitundika, ni nzima. Unaitia kwenye beseni, unaisugua, na mkononi mwako inaanza kukatika, tundu hapa, tundu pale. Tone liliingia kwenye uzi mchana, likakauka, likakaa humo likila taratibu, na nguo haikusema lolote mpaka maji yalipoifikia. Nilikuwa na gunia zima la viraka kwa ajili hiyo.

Nikatazama turubai, nikatazama chini ya gari, pale penye rangi nyeusi mpya inayong'aa. Kama asidi imekula juu, nikajiuliza, chini imefanya nini?

Sasa niweke wazi kwamba hapakuwa na mtu aliyetudanganya. Kampuni ilikuwa na sehemu zake, na kila mtu alikaa katika sehemu yake. Mtu wa asidi hakugusa kazi ya garaji. Mume wangu aliipanda kamionete ile miaka yote na hakuwahi hata siku moja kuinama kutazama tumbo lake, kwa sababu tumbo lilikuwa la garaji. Garaji walishughulika na injini. Watu wa rangi walipaka rangi. Kila sehemu ilifanya kazi yake vizuri kabisa.

Lakini ningesemaje? Marafiki zake wamesimama pale, bia inangoja, mkuu ametabasamu. Nikisema siiamini, nimemvua nguo mume wangu mbele ya watu aliowaongoza, wiki chache kabla ya kuwaaga. Nikinyamaza, nitakwenda na shasi iliyooza na mashine nzito nyuma yake kushuka vilima vya barabara ya Kapolowe, huku yeye akiwa usukani. Nilikasirika. Nilikasirikia turubai, asidi, kampuni, hata ile kreti ya bia. Halafu nikajifunga kitenge changu vizuri kiunoni.

"Ba chef," nikasema, "kwetu kintu haiingie mu nyumba bila kuoga. Munipatie ndoo ya maji na brosi ya nguvu."

Walicheka sana. "Mama anataka kuosha gari!" Mkuu wa garaji mwenyewe aliagiza ndoo. Nikavua viatu, nikalala chali, nikaingia chini ya kamionete na brashi ya chuma, nikaanza kufua.

Nilifua kama ninavyofua salopeti, kwa nguvu, nikianza na mishono. Mwanzo palitoka tope. Halafu ikatoka rangi, vipande vipana kama ganda la yai, na chini ya rangi kukawa na kutu ya matabaka, unaifunua karatasi baada ya karatasi. Nyuma, pale ndoano ilipofungwa, brashi ilizama.

"Baba batoto," nikaita kwa sauti ya kawaida, "kuya unisaidie huku, brosi inakwama."

Akaja akicheka bado. Akalala kando yangu, maji yanatuchuruzikia sote wawili. Nilichukua mkono wake nikauweka pale. Akapapasa. Akatoa bisibisi mfukoni, akaisukuma kidogo tu, ikaingia mpaka kwenye mpini. Huko nje nilikuwa naona viatu vya wenzake, na mtu anasimulia kisa na wengine wanacheka. Mume wangu aliendelea kupapasa ule uti wa gari kutoka nyuma kuja mbele, na kila mahali alipobonyeza palikubali.

"Ile siku ya kukupeleka ku hospitali," akasema kwa sauti ndogo, "ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima," nikasema.

Niliamua neno la kukataa halitatoka kinywani mwangu. Nikabaki chini pale nikisugua gurudumu ambalo halikuwa na shida, nikamwacha atoke peke yake. Nilisikia kicheko kinapungua. Kisha nikasikia sauti yake, ile ya kazini, ambayo nyumbani haitumii.

"Chef, motere iko muzuri sana. Shasi ilikufa. Minye siwezi kuvutisha mashini, na muntu mwingine asivutishe kintu. Mutoshe motere, mutie mu ingine."

Mkuu wa garaji hakubisha. Nilikiona kichwa chake kikiinama chini ya gari, abakosti na yote, akaniona mimi na brashi yangu, akaona kutu, akanyoosha kidole akaigusa mwenyewe. Aliposimama alisema tu, "Sitwayen, aksanti," akampa mkono. Bia ilinyweka vilevile, maana ilikuwa imeshafunguliwa.

Tulirudi kwa miguu. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kiwanda, na ile harufu kali inayowasha koo ilikuwa inatufuata kama kawaida, ambayo sisi wa Panda tulikuwa hatuisikii tena. Mume wangu alitembea akitazama chini. Nilidhani anasikitikia kamionete, nikawa natafuta maneno ya kumtuliza juu ya kamionete. Tulipofika penye mfereji alisimama.

"Tulikuwa pamoja na ile gari," akasema. "Hewa moja, miaka yote. Njo ilikula chuma vile." Akajigusa kifuani. "Na minye? Mu ndani niko namna gani?"

Naandika haya na bado nayasikia. Meno yake ya mbele yalikuwa yameshakuwa mafupi, kama yamepigwa msasa. Watu wa asidi wote walikuwa hivyo, tukawatania kwamba wamekula mfupa wa kampuni. Asubuhi alikuwa anakohoa kabla ya kusema. Mimi niliyegeuza kila samaki wa Tshangalele, niliyeweka kiganja kwenye boneti za watu, mambo hayo nilikuwa nayaona kila siku na sikuwahi kuyaweka pamoja. Niliogopa. Niliogopa pale mferejini kuliko nilivyoogopa kukosa nyumba. Lakini alikuwa ananitazama, na mtu akikutazama vile huwezi kumpa woga wako aubebe na wa kwake.

"Weye hauko tena ya kampuni," nikamwambia. "Kuanzia leo garaji yako njo minye. Na minye sipakake rangi."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika mti. Nikampiga mgongo, tukaenda nyumbani. Jumatatu yake nilimpeleka kwa daktari, akinung'unika njia nzima. Daktari alisikiliza kifua muda mrefu, akasema kwamba atoke kiwandani haraka, akae kwenye hewa safi, na kwamba zaidi ya hapo itabidi tungoje tuone. Basi ikawa tunahitaji barabara ya Kapolowe kwa sababu mbili.

Huko Kapolowe kulikuwa na mtawa mmoja aliyesimamia shamba la misheni. Tulimwita Masere, kama watawa wote. Nilikuwa nimenunua mahindi kwake mara nyingi, na mizani yake haikuwahi kunidanganya hata kwa kiganja kimoja. Nilikuwa nimesikia kwamba wamepata lori jipya na ile kamionete yao kuukuu inakaa tu. Nilimtumia salamu, naye akaja nayo mwenyewe mpaka Panda, anaendesha kwa mikono miwili, kitambaa chake cha kichwani kimejaa vumbi.

Ilikuwa mbaya kutazama. Rangi yake ilikuwa imepotea, mlango mmoja umefungwa kwa waya, kiti kimeshonwa kwa gunia la sukari. Nilipoweka kiganja kwenye boneti, Masere alisema, "Iko moto, natoka mbali. Ngoja ipoe, utawasha weye." Tukangoja, tukala karanga. Na wakati tunangoja akanitajia ubaya wake wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuulizwa. Gia ya pili inataka uibembeleze. Inakula oili kidogo, si nyingi. Mvua ikinyesha utalowa goti la kulia. Breki amezitengeneza mwenyewe mwezi uliopita na anazijibia mbele ya Mungu.

Nilishawahi kusikia wauzaji wengi, na huyo ndiye wa kwanza aliyefanya kazi yangu kwa niaba yangu.

Ilipopoa mume wangu aliiwasha. Ilitoa moshi mweupe, ikatetemeka, halafu ikatulia ikawa inanguruma kwa upole. Kofia ya oili ilipumua kidogo. Nikamtazama mume wangu, akatikisa kichwa kwamba si kitu. Tukafunga mashine nyuma, nasi watatu tukapanda mlima ulio nyuma ya kambi, mimi katikati, Masere dirishani na karanga zake. Katikati ya mlima, pale panaposimama kama ukuta, nikasema, "Simama hapa."

"Hapa?" mume wangu akauliza.

"Hapa hapa."

Akavuta breki ya mkono. Trela likavuta nyuma, nikasikia chuma kinalia, na kamionete ikakaa. Haikurudi hata upana wa kidole. Tukakaa pale tumeelekea mawinguni, Masere anatafuna. Halafu mume wangu akatia gia, akaachia klachi polepole, na mzigo wote ukaanza kupanda kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Juu tukageuza, tukashuka, mashine ikatusukuma na breki zikaikatalia mpaka chini.

Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini mume wangu alizima injini, akashuka, akachukua nyundo, akalala chali kwenye vumbi. Mtu aliyepanda gari maisha yake yote bila kuinama kutazama tumbo lake, sasa aliingia chini ya gari la misheni na kugonga shasi kutoka nyuma mpaka mbele, pigo baada ya pigo, anasikiliza. Ililia kama kengele. Mwishoni akatoa kichwa, uso mweusi kwa grisi.

"Ulisikia?" akaniuliza.

"Nilisikia."

"Hii," akasema.

Tulizunguka na kamionete ile miaka mingi. Jumatatu kijiji hiki, Jumanne kile. Gia ya pili tuliibembeleza, na goti langu la kulia lililowa kila masika. Haikutuacha njiani isipokuwa mara moja, na siku hiyo kosa lilikuwa la mchanga uliokuwa ndani ya mazutu. Wanawake wa kule walikuwa wakisikia inavyonguruma tangu mbali, wanaweka mahindi kichwani na kuja barabarani. Nyumba tuliyoijenga baada ya kutoka kambini ilitoka kwenye ngurumo ile. Na mume wangu, katika hewa ya Kapolowe, alipunguza kukohoa, ingawa hakuacha.

Mimi nilishika ahadi yangu ya garaji. Kila asubuhi, kabla hajaamka, niliweka kiganja mgongoni mwake, katikati ya mabega, nikasikiliza. Kwenye gari nilikuwa nataka baridi. Kwake nilitafuta joto, na pumzi inayoingia na kutoka bila kukwama. Hakujua kwa muda mrefu. Alipojua alisema naye pia nampima kama samaki, nikamjibu kwamba samaki sijawahi kuwapima hivyo.

Kamionete imekwisha zamani. Injini ilichoka, halafu springi, halafu mtu akaja akanunua vyuma vyake, hata ile shasi iliyokuwa inalia kama kengele. Mume wangu alisimama mlangoni akiitazama inavyobebwa, mzee wa meno mafupi, akasema hakudhani ingemtangulia.

Leo asubuhi niliweka mkono mgongoni mwake. Palikuwa na joto.

"Mukono yako iko baridi," akasema, akavuta blanketi. "Uitoshe."